Kwenda Butembo na Mkwe Juu ya Basi

Mwaka ule watu wa Kasese tulikunywa chai kwa muwa. Unashika kikombe mkono mmoja, kipande cha muwa mkono wa pili. Unatafuna, unapiga funda la chai, unatema makapi. Sukari ilikuwa imepotea madukani. Mpunga tuliulima wenyewe hapa Mubuku, kwenye viwanja vya kukodi, lakini wali tuliula mkavu, maana hata mafuta ya kupikia hayakuwepo. Wenye umri wangu mnaujua mwaka huo. Vijana, waulizeni mama zenu.

Nilikuwa jikoni mkwe wangu Kambale alipofika kutoka Butembo, Kongo, ng'ambo ya mpaka. Hakuja mbele yangu. Kwetu mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hamgusi, hakai naye karibu. Wakikutana njiani mmoja anaingia majanini. Basi alisimama nyuma ya jiko akaongea na ukuta, nami nikamjibu nikiwa ndani.

"Mama, Masika yuko hospitali kwa masista. Miezi imetimia. Haogopi kitu ila kuzaa bila wewe."

Masika ni binti yangu wa kwanza. Mimba zake mbili zilikuwa zimetoka, na zote mbili sikuwepo. Niseme ukweli: kijana huyu sikumpenda. Alinichukulia mtoto akampeleka mbali, nikahesabu kwamba ameniibia. Lakini siku ile niliuambia ukuta, "Tangulia stendi ukashike nafasi. Nakuja."

Kasese, saa nane mchana. Basi lilikuwa la mabenchi ya mbao, limejaa watu, kuku na mafungu ya samaki wakavu. Kambale alikuwa amepata nafasi mbili kwenye benchi la nyuma, pamoja. Kondakta, mwanamume wa tumbo kubwa, akanisukuma.

"Kaa, mama! Hapo iko nafasi yako."

"Mimi na mkwe wangu hatukai benchi moja."

"Basi lote limejaa! Unataka nikuweke kwa usukani?"

"Mumuweke kwa usukani, labda tutafika mbio," mwanamke mmoja akasema, watu wakacheka. Huyo alikuwa Mama Kavira, mfanyabiashara Mkongomani aliyekuwa akirudi kwao Beni. Kabla sijajibu, Kambale alikuwa ameshatoka kwa dirisha, amepanda juu ya basi kwenye mizigo. Hakuna aliyemwambia. Mama Kavira akaja akakaa na mimi.

Bwera, saa kumi na moja. Gari lilisimama sokoni. Mkono ukashuka kutoka juu hadi dirishani, umejaa vumbi jeupe kama unga, umeshika ndizi mbili za kuchoma zilizofungwa kwenye jani. Mama Kavira alizipokea akanipa moja.

"Mukwe wako yule iko mutu," alisema huku akitafuna yake.

"Bado namtazama," nilisema.

"Utamutazama namna gani, na hata uso hauangalii?"

Niliila ndizi, nikajifuta vidole kwa kanga.

Mpondwe, jua likizama. Hapa ndipo mpaka ulipo: mti umelazwa barabarani, kibanda cha bati, na mto chini. Askari wakatushusha wote. Siku zile kahawa ilikuwa ikivushwa usiku kama mwizi, na askari walimshuku kila mtu. Kijana mmoja mwenye bunduki akanisimamia.

"Wewe mama! Unakwenda wapi?"

"Kwa binti yangu, Butembo. Anazaa."

"Nani anakujua hapa?"

Nilielekeza kidevu juu ya basi bila kutazama. "Yule. Mkwe wangu."

"Mkwe wako?" Akaniangalia, akamwangalia Kambale anayeshuka na vumbi lake. "Mmepanda gari moja, yeye juu, wewe ndani, hata salamu hakuna. Nyinyi watu wa magendo. Mnajifanya hamjuani!"

"Afande, ni heshima," Kambale alisema, amempa askari uso na mimi mgongo.

"Heshima gani? Hata saa hii humwangalii! Sawa." Akapiga benchi la kibanda kwa kiatu. "Kama ni mkwe wako, mama, kaeni hapa, wote wawili, mimi nione. Mkikataa, mnalala hapa, basi inakwenda."

Dereva alikuwa ameshawasha injini. Nyinyi mnaosoma mtasema, si ungekaa tu? Kukaa ni kitu gani? Mimi moyoni nilimwona Masika amelala peke yake, anatazama mlango. Lakini mwanamke anayezaa hutakiwa kupokewa na mikono safi, na mimi ningempelekea mikono gani, nikiwa nimemvunjia mumewe heshima njiani?

"Mimi na mkwe wangu hatukai benchi moja," nilimwambia, machozi yakinitoka.

Kambale yeye alipiga magoti mavumbini, uso kwa ukuta wa bati. "Afande, unifunge mimi. Mama aende."

Ndipo askari mzee akatoka ndani na sahani ya maharagwe. Alikuwa mtu wa mbali, wa kaskazini, mkubwa wa yule kijana. Aliuliza kuna nini, akaelezwa, akacheka hadi akakohoa.

"We mjinga, wewe! Kwetu mimi hata sahani ya mama mkwe wangu siwezi kuigusa. Mtu wa magendo angekaa hapo zamani, angemkumbatia na kumwita mama. Hawa wamekataa. Fungua mti!"

Usiku, upande wa Kongo. Barabara ilikuwa matope matupu. Mara tatu tulikwama, wanaume wakashuka kusukuma, na kila mara nilisikia sauti ya Kambale ikihesabu, "Moja, mbili, sukuma!" Beni tulifika alfajiri, baridi kali. Mama Kavira alininunulia mkate na kahawa, akashuka na mizigo yake.

"Musalimie mutoto," alisema.

Butembo, saa sita mchana. Masika alikuwa bado. Aliponiona alisema tu, "Mama, umefika," akanishika kanga. Siku ya pili jioni akazaa, nami nimemshika mgongo. Msichana, mwenye sauti ya kuuzia samaki. Nilikwenda dirishani. Najua Kambale alikuwa nyuma ya ukuta.

"Baba," nilimwita, mara ya kwanza kumwita hivyo, "una mtoto. Na mama yake ni mzima."

Nilisikia mwanamume mzima analia.

Baada ya wiki sita tulirudi wote, Masika akapumzike kwangu Mubuku. Niliondoka nyumbani nikiamini nimeibiwa mtoto. Nilirudi nikijua nimeongezewa mmoja, aliyekubali kufungwa ili mimi nipite. Basi la kurudi lilikuwa nusu tupu. Kambale alikaa benchi la mbele na mtoto kifuani, kusikofika vumbi, na Masika akanipigia benchi lile kwa kiganja, anacheka.

"Mama, njoo. Mimi nitakaa katikati yenu."

"Mimi na mkwe wangu hatukai benchi moja."