Mstari wa Elimu

Dada yangu alifariki Ringwani, alikoolewa. Nilitoka Kemambo nikafika siku ya pili ya msiba, nikamkuta mwanawe wa kwanza amekaa kando ya turubai, karatasi mapajani. Mpwa wangu huyo ni karani Tarime mjini. Alikuwa ameandika wasifu wa marehemu wa kusomwa siku ya mazishi: kuzaliwa, elimu, ndoa, watoto, ugonjwa.

"Mjomba, pitia. Wewe ndiye uliyekua naye. Nikishaupeleka kuchapwa haurekebishiki tena."

Nilisoma polepole, maana niliishia darasa la saba. Kwenye elimu ameandika: Marehemu hakubahatika kwenda shule.

"Hapa pana kosa," nikasema.

"Kwani alisoma?"

"Hakusoma. Lakini haikuwa bahati."

Nikamweleza. Tulipokuwa wadogo, serikali ilitaka kila mtoto aandikishwe shule, na walimu walipita nyumba kwa nyumba. Vyeti vya kuzaliwa hatukuwa navyo. Mtoto alipitisha mkono juu ya kichwa, akigusa sikio la upande wa pili, ameiva kwa shule. Mkono wa dada ulifika vizuri. Tulikuwa tukijaribu wenyewe nyuma ya nyumba. Jioni moja baba akamwambia, "Kesho ukishika sikio, utanitambua. Nani atamsaidia mama yako maji na watoto?" Asubuhi mwalimu akaja, dada akakaza bega, vidole vikaishia juu ya sikio. Mwalimu akasema bado mdogo, mwakani. Mwaka uliofuata akafanya vilevile. Mwaka wa tatu nikaandikishwa mimi, naye akaambiwa amepitiliza umri.

Mara zote mbili nilikuwepo. Nilisimama mlangoni nikicheka, kwa kuwa niliona tunamchezea mwalimu.

Shule yenyewe haikuwa kitu cha kusifia sana. Tulibeba maji ya mwalimu, tulikariri mito ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuiona, na aliyeuliza swali alihesabiwa mjeuri. Nilitoka nikijua kusoma, kuandika na kumwogopa mtu mwenye chaki. Hata hivyo hayo mawili ya kwanza yamenisaidia maisha yangu yote. Dada aliweka dole gumba kila mahali, kisha akamuuliza aliyeshika kalamu ameweka dole kwenye nini. Na ng'ombe wa mahari yake ndio waliotumika kunioza mimi.

Mama mmoja wa kanisani, aliyekuwa akichambua mchele karibu yetu, akaingilia kwa upole. "Andikeni tu kwamba shule yake ilikuwa maisha. Inapendeza, na ni kweli."

Wengi waliokuwa pale wakaitikia. Mimi sikuweza, kwa sababu maneno hayohayo niliwahi kumwambia dada mwenyewe, nikidhani namfariji. Alikuwa akipepeta ulezi. Hakuinua hata uso.

"Hayo husemwa na nyie mliosoma," alinijibu. "Kama hiyo shule ya maisha ni nzuri hivyo, mbona watoto wako hukuwapeleka huko?"

Yeye wa kwake aliwapeleka wote kwenye hii ya madawati, na hakuiogopa kama mimi. Jioni alikagua madaftari yao. Herufi hakuzijua, ila alijua alama ya vema na ya kosa. Siku moja akakuta kurasa nyingi hazina wino mwekundu, akalichukua daftari hadi shuleni. Mwalimu alikuwa kijana aliyeletwa kutoka mkoa mwingine.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wino umeunywa?"

Kijana akacheka, akasema watoto ni wengi mno, hawezi kusahihisha wote. Dada akamwambia, "Basi sahihisha la huyu wangu nikiwa nimekaa hapa. Kesho atakuja mama mwingine." Akasahihisha.

Baba mdogo, aliyekuwa akisikiliza tangu mwanzo, akanyanyua fimbo yake. "Mura," akaniita, yaani kijana, "unataka kumshtaki baba yako mbele ya watu? Naye yuko kaburini."

"Simshtaki, baba. Lakini tukiandika bahati, tunamsingizia Mungu."

"Msingizie Mungu. Amezoea."

Watu wakacheka, hata mimi. Mpwa wangu hakucheka. Aliniuliza taratibu, "Mama aliwahi kusema anataka jambo hili lisemwe?"

"Hapana."

"Basi unalisema kwa ajili yako."

Ningeweza kukataa. Nikamjibu kwamba kwa sehemu ni kweli. Nimelibeba muda mrefu, na sasa wa kumwomba radhi hayupo. Aliichezea kalamu. Kisha akafuta ule mstari, akanipa karatasi niandike mwenyewe. Mwandiko wangu ni mbaya, ikabidi aurudie juu kwa herufi zake nzuri.

Siku ya mazishi alisoma yeye. "Marehemu hakwenda shule. Baba yake alimzuia ili abaki na kazi za nyumbani. Mdogo wake wa kiume alikwenda." Akapitisha kidole kwenye karatasi, kama mtu anayetafuta mstari, halafu akaendelea na ndoa. Hakuna aliyelia mahali hapo. Baba mdogo aliinuka akaenda kusimama zizini, nikasikia mbuzi wanalia huko. Chakula hakula nami, na tangu siku ile simu yangu haipokei. Namwelewa. Aliyetajwa ni kaka yake.

Nilipokuwa najiandaa kuondoka, bibi mmoja wa jirani, aliyetusikia siku ile turubaini, akanishika mkono wa koti.

"Yale uliyoyaandika. Kwetu pia haikuwa bahati. Waambie wanangu wasije wakaniandikia bahati."

"Waambie mwenyewe, mama. Ungali hai."

"Hawajawahi kuniuliza."

Gari la Tarime lilikuwa limeanza kupiga honi barabarani. Nikavuta kiti cha plastiki, nikakaa, nikamuuliza ilikuwaje.