Sumaku ya Chepngeno

Jirani yangu hapa Roret, Chepngeno, mama yake Cheptoo, hamwamini mtu. Akinunua mayai, anayatikisa sikioni moja moja. Marehemu mumewe alikuwa akiulizwa alikotoka hata akitoka chooni. Kuhusu vyombo, hukumu aliiachia sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu, akawa anatembea nayo kiunoni. Sheria yake ilikuwa moja: stenlesi ya kweli haishiki sumaku. Akawafundisha hivyo wanawake wote tunaopeleka maziwa kituoni.

Aliyeumia ni Ondieki, fundi wa kuchomelea aliyekuja kutoka Kisii miaka mingi iliyopita. Chepngeno alimwagiza mtungi wa maziwa. Siku ya soko akaja kuuchukua, akapitisha sumaku yake. Tumboni mwa mtungi iliteleza. Shingoni, pale Ondieki alipokunja na kugonga kwa nyundo, ikashika.

"Hii ni feki!" akapaza sauti. "Mnaona? Ondieki, unatuuzia mabati!"

"Mama Cheptoo, ni stenlesi. Hata mimi sijui kwa nini inashika hapo tu."

Masikini, alisema ukweli. Kwa mtu mwenye shaka, huko ni kukiri. Lisemwalo lipo, wakasema wanawake, na wateja wakaanza kupita kwake wakiangalia upande wa pili. Mtungi uliokataliwa niliununua mimi. Nilipomwambia Chepngeno kwamba hauna tatizo, akaniuliza kama Ondieki ni shemeji yangu. Nilikasirika hata nikamwachia chai yake mezani.

Yeye alinunua wake dukani Kapkatet, uking'aa kama kioo, na sumaku haikuushika popote. Akauamini kabisa. Hata mursik, maziwa yetu ya kuchacha, iliyobaki baada ya wageni aliimimina humo, iendelee kuchacha, kama vile mtungi huo ni kibuyu.

Mvua zilipoanza, Adoyo, anayepima maziwa kituoni, aliyakataa maziwa ya Chepngeno. Akainamisha mtungi kwenye mwanga. Ndani kulikuwa na madoa ya kutu.

"Haiwezekani," Chepngeno akasema. "Nimeupima na sumaku. Au wewe umetumwa?"

Adoyo ana subira ambayo mimi sina. Akamweleza kwamba kinachozuia kutu ni kromiamu, si sumaku. Kromiamu huufunika mtungi kwa ngozi nyembamba isiyoonekana. Nikeli ndiyo huifanya sumaku iteleze, lakini ni ghali, kwa hiyo viwanda vingine huipunguza na kuongeza manganizi. Sumaku bado itateleza, ila chuma hicho ni dhaifu, na vitu vikali kama mursik hukitoboa ngozi. Tena kuna stenlesi yenye kromiamu bila nikeli: hiyo hushika sumaku na bado ni stenlesi.

"Na ikishika shingoni tu?" Chepngeno akauliza polepole.

"Hata yenye nikeli nzuri, ukiikunja na kuigonga, hushika kidogo mahali pale."

Nikamwonyesha mtungi wangu. Ndani ulikuwa msafi kama siku ya kwanza. Hakuniuliza habari za shemeji.

Alienda moja kwa moja kwa Ondieki, nikamfuata. Tulimkuta akifunga mashine yake kwa kamba, tayari kurudi Kisii. Chepngeno akamwomba msamaha, na aliomba kwa moyo, machozi yamemjaa machoni.

"Nimekusamehe," Ondieki akasema. "Lakini jina langu uliliharibia mbele ya watu, Mama Cheptoo. Hapa tuko watatu."

Kesho yake asubuhi wakaja kituoni pamoja. Chepngeno akasimama mbele ya foleni, akasema kwa sauti ileile ya sokoni kwamba Ondieki ni fundi mwaminifu, na kwamba mwongo alikuwa yeye na sumaku yake. Sijawahi kumpenda kama asubuhi ile.

Wanawake wakatazamana. Moureen, mwanafunzi wake hodari kuliko wote, akaweka mtungi wake chini.

"Mama Cheptoo," akamuuliza, "huyu Ondieki amekupatia nini?"

Ondieki hakungoja jibu. Alirudi kumalizia kufunga kamba.