Maji Juu ya Kitanda cha Baba

Nililala mapema usiku ule. Nilikuwa nimeshinda kutwa nzima ndani ya gari la baba nikikwangua ukuta uliooza, mikono imechubuka, na harufu ya ukungu ilikuwa imenigandia puani hata baada ya kuoga. Mama aliniona uso, akanifunikia chakula. Nikapanda kitandani bila kula.

Gari lenyewe lilikuwa nyumba ya magurudumu: kitanda nyuma, jiko la gesi pembeni, meza ya kukunja katikati. Baba alilinunua likiwa tayari zee, kwa mtalii mmoja aliyechoka na safari, akaligeuza duka la miwani. Alizunguka nalo vijiji vya Njombe akipima macho ya watu, na miaka yake ya mwisho mimi ndiye niliyekuwa msaidizi wake. Alipofariki nilisema nitaendelea na kazi. Lakini nilipolifungua gari baada ya msiba, nikabonyeza ukuta wa juu ya kitanda, kidole kikazama kama kwenye mkate uliolowa chai.

Kulikuwa na jambo ambalo sikumwambia mtu. Wiki ile ya mwisho, baba akiwa hospitali, aliniuliza, "Paa umelikagua?" Masika yalikuwa yameanza. Nikamjibu, "Nimelikagua, baba. Liko salama." Sikuwa nimegusa hata ngazi. Akafariki na uongo wangu. Na kwa kuwa sikuweza kujilaumu mbele za watu, nilimlaumu fundi Mgaya, rafiki yake wa siku nyingi, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa amebadilisha dirisha dogo la kwenye paa. Nilimfuata karakanani nikamtukana, wateja wakisikia, nikamwambia kwamba kazi yake mbovu imeozesha gari la marehemu. Aliweka randa chini, akanitazama mpaka nikaondoka. Tangu hapo nikawa napambana na ukuta peke yangu. Napaka gundi ya kuzibia kandokando ya dirisha lile, napaka rangi juu ya doa, na mvua ikinyesha doa linarudi, kubwa zaidi.

Basi nikasinzia, nikajikuta ndani ya gari.

Kulikuwa na mwanga wa asubuhi. Baba alikuwa amepiga magoti juu ya kitanda, amenipa mgongo, amevaa sweta lake la kijivu lenye kiraka kiwikoni. Alikuwa anabandua plaiwudi kwa patasi, polepole, kama mtu anayemmenyea mtoto chungwa. Sikushtuka kumwona. Kilichonitia aibu ni rangi yangu mpya, ilivyokuwa ikidondoka vipande vipande juu ya shuka.

"Nishikie taa, mama," alisema. Ndivyo alivyoniita siku zote.

Nikamshikia. Nyuma ya plaiwudi mbao za fremu zilikuwa nyeusi, na juu yake maji yalikuwa yakitembea, uzi mwembamba unaong'aa. Baba anaweka kidole kwenye ule uzi, anaufuata. Haendi kwenye dirisha. Analipita, anakwenda mbele, upande wa dereva, nami niko nyuma yake na taa. Gari linazidi kuwa refu. Tunapita jiko, tunapita kabati la miwani, tunaendelea, na sasa tunatembea kwenye korido ya wodi, na maji bado yapo ukutani, yanakwenda nasi usawa wa mabega.

Kitanda chake kipo palepale, cha tatu kutoka mlangoni. Baba anakaa, anavua viatu, anavipanga chini. Najua ataniuliza. Sitaki aniulize.

"Baba," nasema, "sikupanda juu ya paa."

"Najua."

"Nilikuambia nimepanda."

"Viatu vyako vilikuwa vikavu," anasema. "Mvua ya siku nne, na viatu vyako vikavu. Nilijua hujaondoka kwenye kile kiti kando ya kitanda changu." Anaushika mkono wangu, anaugeuza, anatazama michubuko. "Na mimi sikutaka uondoke."

Nikalia. Nililia pale ndotoni kama nisivyowahi kulia msibani, bila haraka, na yeye alikaa tu ananisubiri, kama alivyokuwa akiwasubiri wazee waliokuwa wakisoma herufi za ukutani mojamoja.

Nikiinua uso, tuko juu ya paa. Ni Lupembe, mashamba ya chai yako chini yetu, na watu wamejipanga foleni kando ya gari wamekinga macho jua. Baba ni kijana, kijana kuliko nilivyopata kumwona. Upande wa mbele, juu ya dereva, anafunga kile kipaza sauti chake kikubwa cha kuwaitia wanakijiji. Anakaza skrubu nne kwenye bati kwa haraka, hakuna mpira chini yake, hakuna gundi. Watu wanamsubiri. Anamaliza, anajipangusa mikono, halafu anatazama alichokifanya na kutikisa kichwa, huku akitabasamu.

"Yanaingilia hapa," anasema. "Mimi ndiye niliyetoboa. Mgaya hana kosa." Ananipa bisibisi, ina joto la mkono wake. "Kamwambie. Kabla hujapigilia ubao hata mmoja, kamwambie."

Nikaamka. Kulikuwa kumepambazuka, mama anafagia uani. Kifua changu kilikuwa chepesi mpaka nikaogopa kusogea.

Nilichukua ngazi nikapanda. Skrubu mbili za kipaza sauti zilitoka kwa vidole tu. Chini yake bati lilikuwa limeliwa na kutu, na ubao ulikuwa umelowa. Gari lilikuwa limeegeshwa kwenye mwinuko, pua juu, kwa hiyo maji yaliingia mbele yakateremka ndani ya dari mpaka kitandani. 

"Umeona nini huko?" mama aliuliza kutoka chini.

"Ufundi wa baba," nikasema.

Mama akacheka. Hakuwa amecheka tangu msiba.

Nilikwenda kwa Mgaya kwa miguu. Alikuwa anapiga randa mlango, na watu wawili walikuwa kwenye benchi wakisubiri kazi zao. Sikumwomba tusogee pembeni.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba."

Nikamweleza yote, ndoto na uongo wa hospitali, na matusi yangu nikayarudia ili niyaombee msamaha moja baada ya jingine. Alinisikiliza akiwa amesimama, vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Kile kipaza sauti nilitaka kumfungia mimi," alisema nilipomaliza. "Akakataa. Akasema skrubu nne tu, zinamshinda nani?"

"Kumbe ulijua? Siku ile nilipokuja kukutukana, ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

Mgaya alipuliza vumbi kwenye randa yake, akaiweka juu ya meza.

"Ulikuwa umetoka kumzika," akasema.

Kisha akawaambia wale wawili warudi mchana, akachukua futi na penseli, tukaondoka pamoja kwenda kupima.