Marehemu Mpiga Pasi

Mtaani kwao wanamwita Marehemu, naye huitika bila kinyongo. Mgeni anayepita mlangoni mwa duka lake la udobi na kusikia mtu akiuliza, "Marehemu, shati langu tayari?" hushtuka kidogo, kisha humwona mtu mrefu mwembamba, mashavu yamebonyea, akitokeza nyuma ya mvuke wa pasi na kujibu, "Bado kola tu, ndugu yangu."

Jina hilo alilipata kwa sababu ya shuka. Jirani yake, mpiga picha za harusi aliyechoshwa na keki, aliamua kutengeneza filamu. Alichagua magonjwa ya ajabu, yale yanayozuka bila sababu na kufyeka mji mzima, kwa kuwa, kama alivyoeleza, filamu za namna hiyo hazidai magari ya kugonganishwa. Zinadai watu wa kuanguka, na hao hawakosekani. Alikuja kuazima shuka nyeupe za kufunikia maiti. Shuka zilikuwa za wateja, na dobi hakuwa mtu wa kuziacha sakafuni mikononi mwa watu asiowajua. Alizipeleka mwenyewe, akazitandaza mwenyewe, na ili kuhakikisha kwamba hakuna atakayezikanyaga, akajilaza chini ya mojawapo. Direkta, maana ndivyo jirani alivyojiita tangu siku hiyo, alipoifunua, alikutana na uso usiohitaji hata poda.

"Usiinuke," alisema kwa unyenyekevu. "Kazi yangu imeshafanywa na Mungu."

Tangu hapo dobi akawa anakufa katika kila filamu. Alikufa kwa homa iliyowapata waliokanyagiwa vivuli vyao. Alikufa kwa kikohozi kilichotoka ndani ya vioo. Alikufa kwa kicheko kilichopanda kutoka kisimani, na hicho, husema mwenyewe, ndicho kilichomchosha kuliko vyote, kwani kucheka kwa amri ni kazi nzito kuliko kufua mablanketi. Alikuwa na mtindo wake: magoti kwanza, kisha bega, kichwa mwisho, na mkono mmoja ukiinua pindo la nguo lisishike vumbi. Watazamaji waliuona mkono ule wakasema ni roho inaaga. Yeye alijua ni udobi tu.

Mtu mmoja hakuwahi kumtazama: mama yake, aliyeishi kwake katika chumba cha uani. Dobi alipokuwa mdogo, ugonjwa ulipita mjini ukamchukua baba yake na dada yake karibu kwa pamoja. Baadaye madaktari waliupa jina, lakini siku zile haukuwa nalo, na majirani walivuka barabara ili wasipite mbele ya mlango wao.

"Wewe endelea na mchezo wako, mwanangu," mama alimwambia. "Ila mimi watu wakifunikwa shuka nimeshaona. Sikukuzaa nije nikutazame ukifunikwa, huku watu wanatafuna njugu."

Mbele za watu alifanya mzaha, akisema kwamba mama yake ndiye mtazamaji pekee mwenye akili timamu. Lakini kila filamu ilipoonyeshwa katika ukumbi wa mtaa, alijikuta akishikilia kiti kitupu kando yake, na mtu akikiulizia, alidai kina mguu mbovu.

Hatimaye alimwendea Direkta.

"Nipe mtu anayebaki hai."

"Wewe?" Direkta alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. "Marehemu, uso huo ubaki hai ufanye nini?"

Hata hivyo alimpa nafasi ya daktari. Katika filamu hiyo mpya, kila aliyeitwa na sauti isiyo na mwenyewe alianguka hapo hapo. Daktari peke yake angepita katikati ya walioanguka, afike mwisho wa ukumbi wa hospitali na kutamka, "Bado nipo." Basi.

Dobi alipompelekea habari, mama aliuliza, "Unabaki mpaka mwisho?"

"Mpaka taa ziwashwe, Mama."

"Basi nitakuja. Ukinidanganya, nguo zako utajifulia mwenyewe."

"Mama, mimi ni dobi."

"Ndiyo maana sijakutisha sana."

Alianza mazoezi, akitembea kutoka meza ya pasi hadi kwenye kamba ya nguo na kurudi. Mkewe alimtazama huku akikunja mashuka. "Baba watoto," alisema, "unatembea kama mtu anayetafuta mahali pa kuangukia."

Mke alikuwa ameona mbali. Siku ya kupiga picha, katika zahanati ya zamani iliyofungwa, Direkta alipopaza sauti, "Haya!" watu walianza kudondoka kushoto na kulia; na daktari, ndani ya koti lililotiwa wanga likasimama kama ubao, alidondoka pamoja nao. Magoti yake yalitii kabla ya kichwa kuulizwa. Wote waliokuwapo walikiri kwamba hicho ndicho kifo chake bora kupita vyote.

"Kata! Marehemu, wewe hujaitwa!"

"Samahani, nimejisahau."

Walirudia, akaanguka. Wakarudia tena, safari hii aliomba radhi akiwa njiani kwenda chini. Ndipo mkewe, aliyekuwa amewaletea chai, alipoweka chupa chini, akachuchumaa nyuma yake na kulishika koti kwa mikono miwili. "Tembea," alimwamuru. Akatembea.

Filamu ilionyeshwa alasiri, mapazia yakiwa yameshushwa. Mama alivaa gauni lake zuri akaketi kando ya mwanawe. Picha hazikuwa zimekwenda mbali daktari alipotokea, akatazama huku na huku, akaanguka. Magoti, bega, kichwa. Mkono ukainua pindo. Direkta alikuwa amekipenda mno kile kifo cha makosa, hata akakipachika mwanzoni kuwa ndoto ya daktari, pasipo kumwambia mtu.

Mama aliinuka. Akajipenyeza kati ya magoti ya watu. Mkanda wa kiatu chake ukanasa kwenye mguu wa kiti, ukakatika, naye akaendelea huku akiburuta unyayo.

"Mama, hiyo ni ndoto!" Dobi alimfuata, akapotea njia gizani, na kujikuta mbele ya mashine ya kuonyeshea picha, mwanga wote ukimpiga usoni na kivuli chake kikimfunika yule daktari ukutani. "Mama! Bado nipo!"

Maneno aliyoyafanyia mazoezi kwa sauti nzito ya kitabibu yalimtoka kama ya mtu aliyefungiwa chooni. Ukumbi ulilipuka.

"Marehemu kafufuka!"

"Keti, Marehemu! Ufe kwa utaratibu!"

Mama alikuwa amefika mlangoni. Aligeuka, akamwangalia mwanawe akipepesa macho ndani ya mwanga ule, mikono juu kama mwizi aliyekamatwa. Hakucheka.

"Njoo basi ukae," alisema. "Unawazibia watu."

Walirudi vitini, na mama akamshika mkono wa shati asiuachie tena. Ilipofika zamu ya ukumbi wa hospitali, daktari alipita kati ya walioanguka akiwa ameinamia mbele kama punda anayegoma, koti limevutika nyuma.

"Anayekushika huko nyuma nani?" mama alinong'ona.

"Mkweo."

Mama aliinama ili amwone mkwewe, aliyeketi upande wa pili. "Ulikaza vizuri, mwanangu."

"Acha tu, Mama. Vidole vilikufa ganzi."

Ukutani daktari alitamka maneno yake, lakini hakuna aliyeyasikia, kwa kuwa ukumbi mzima ulikwisha kuyatamka kabla yake.

Nje palikuwa na mwanga bado. Mama aliketi kwenye benchi, mguu mmoja peku. Dobi alichomoa sindano aliyoichomeka chini ya kola, akatia uzi, akapiga goti na kuanza kuushona mkanda. Watu walipita wakimpa pole kwa msiba wake mwenyewe, naye akawashukuru bila kuinua kichwa.

"Umekonda kwenye ile picha," mama alisema.

"Ni koti lile, Mama."

"Si koti. Utakula leo mpaka niseme basi."

"Sawa, Mama."

Alipiga fundo, akakata uzi kwa meno, akauvuta mkanda kuupima nguvu. Ulishika. Akaufuta unyayo wa mama vumbi kwa kiganja, akamvisha kiatu.