Siku ya Kufungua Mafundo

Nilipokuwa na miaka tisa nilimuua ng'ombe kwa uzi wa nywele. Ndivyo nilivyoamini, na niliamini kwa miaka mingi kuliko ninavyopenda kukiri, mimi ambaye pale chuoni nikisimama kwenye mdahalo wavulana wa sheria huanza kupekua makaratasi yao. Acha nieleze ilivyokuwa.

Kwetu ni upande wa Handeni, mahali ambapo ukitoka na baiskeli alfajiri unafika Segera kabla jua halijawa kali. Tulikuwa na ng'ombe watano. Josho la kijiji likakauka, kupe wakajaa, homa ya ndigana ikachukua watatu. Bwana mifugo alikuwa amepunguzwa kazi mwaka uliotangulia. Nyumba ya serikali aliyokaa ilitiwa kufuli, akahama na wanawe, na hakuletwa mwingine. Mkutanoni tuliambiwa sasa ni soko huria, kila mfugaji ajitafutie dawa na mtaalamu wake. Ajitafutie wapi? Hilo halikuelezwa.

Tukabaki na dume moja dogo la kulimia na Kidosho. Kidosho alikuwa ng'ombe wa asili, mwekundu, mfupi, mwenye nundu ndogo na adabu nyingi. Baba alimswaga siku nzima hadi upande wa Korogwe, kwa mtu aliyekuwa na dume la kisasa, jeusi lenye mabaka meupe, pana kama uso wa lori. Alirudi miguu imevimba na moyo umejaa. Tangu siku hiyo ndama aliye tumboni akawa anazungumzwa nyumbani kama mtu aliyepata kazi serikalini. "Akiwa jike, maziwa yake yanajaza ndoo," baba alikuwa akisema. "Huyo ndiye atakayetutoa hapa."

Masika yalipoanza, Kidosho akashikwa na uchungu asubuhi moja, na bibi, mama yake baba, akatangaza kufungua.

Kwetu ng'ombe akizaa, nyumba nzima hufunguliwa. Milango inaachwa wazi, vifuniko vinatolewa kwenye masufuria, mizigo ya kuni inafunguliwa kamba, kanga zinavaliwa bila fundo, na wanawake wote wanafumua nywele. Bibi alifundishwa na mama yake kwamba fundo lolote linalobaki nyumbani humfunga ndama tumboni. Hata fundo la uzi.

Sasa mimi nilikuwa nimesukwa kwa uzi mweusi, misuko kumi na mmoja, kila mmoja umefungwa fundo nchani. Shule zilikuwa zimefungwa, hakuna mwalimu wa kuninyoa, na Jumapili ile mama mdogo alikuwa anaolewa kwao mama, Kwamndolwa. Mama alinisuka siku mbili kwa ajili ya harusi hiyo.

"Wewe mke mwenzangu," bibi aliniita, "lete hicho kichwa."

"Bibi, Jumapili ni harusi!"

"Harusi itakuwepo hata ukiwa na kichwa kama kifuu. Fumua. Au unataka ndama wa mume wetu afie humo?"

Mume wetu alikuwa babu, aliyekufa kabla sijazaliwa. Nilicheka, nikaenda nyuma ya jiko, nikafumua kumi. Ule wa kisogoni niliuacha. Sijui kwa nini. Ulikuwa mrefu kuliko yote, ulinigusa shingo nikigeuka, na nilikuwa sijawahi kuwa na kitu kinachonigusa shingo. Nikajifunga mtandio juu yake, nikakumbuka kwamba kufunga hakuruhusiwi, nikauachia ukaning'inia tu.

Miguu ya mbele ya ndama ilitokeza jua likiwa bado chini. Halafu pua. Halafu basi.

Baba na baba mdogo walivuta kwa mikono. Walipaka majivu viganjani, wakavuta, mikono ikateleza kama imeshika sabuni. Kidosho alikuwa amelala ubavu, anasukuma na kulia sauti ambayo sikujua kwamba ng'ombe anayo. Mama, ambaye baba yake alichunga ng'ombe wa shamba la mkonge, alisogea.

"Baba Zaina, fungeni kamba miguuni. Mvute anaposukuma."

Bibi aligeuka polepole. "Kamba? Leo?"

"Mama, kwetu ndivyo walivyofanya. Nimeona kwa macho yangu."

"Kwenu. Hapa si kwenu."

Baba mdogo akafuta jasho, akacheka. "Shemeji, kumbe bwana mifugo tunaye ndani! Tuandike barua wakuajiri."

Wote walimwangalia baba. Baba aliangalia miguu ya ndama. Angeweza kusema neno moja tu, tena fupi. Akapaka majivu upya.

Ilikuwa hivyo mpaka adhuhuri ikapita. Ulimi wa ndama ulikuwa umetoka na kuwa wa bluu. Kidosho hakulia tena. Alikuwa anapumua tu kama mtu anayepuliza moto usiotaka kuwaka. Hapo mama alivua kanga yake ya mabegani, akaisokota, akapiga magoti kwenye matope na kufunga miguu ile miwili, fundo juu ya fundo, mbele ya kila mtu. Bibi alipiga ukelele. Mama akavuta. Baada ya kitambo baba naye akashika kanga, wakavuta pamoja.

Kichwa kikatoka. Kidosho akashusha shingo yake chini, taratibu, kama anayeweka mzigo.

Baba mdogo alikimbilia kisu, lakini aliporudi na kumgusa jicho, jicho halikupepesa. Nyamafu. Hata kitoweo hatukupata. Na ndama alikuwa amekufa zamani. Baba mdogo alikigeuza kile kichwa kwa mkono, akauliza kama anayejiuliza mwenyewe: "Hiki ni kichwa cha ndama au cha lile dume?" Baba hakuinua macho.

Bibi hakugomba. Aliketi chini, nywele zake nyeupe zimesimama pande zote, akalia. Kisha akaonyesha kanga iliyokuwa bado imefungwa. "Nilisema," akasema. "Nyote mlinisikia nikisema."

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka pale, mkono kisogoni. Nilijua kabisa. Fundo la mama lilikuja mchana, ndama alikwama asubuhi. Lililomfunga asubuhi lilikuwa langu. Nilifungua mdomo. Nikaona nyuso zao, nikaufunga. Jioni nilifumua ule uzi nikautupa chooni.

Jumapili mama alikwenda Kwamndolwa harusini, peke yake. Aliambiwa apumzike huko kwanza. Talaka ilimfuata kabla mahindi hayajakomaa, na masika yaliyofuata baba alikuwa na mke mwingine. Mimi nilibaki kwa baba, kwa sababu ndivyo inavyokuwa.

Bwenini chuoni ninakaa na Neema, anayesomea mifugo. Nilimsimulia siku moja, nikijifanya ni kichekesho.

"Dume la kizungu kwa kale kang'ombe?" aliniuliza. "Zaina, ndama alishakwama siku ile Kidosho alipopandishwa."

"Na kamba?"

"Kamba asubuhi, labda angepona ng'ombe. Mchana, hapana."

Haya. Uzi wangu hauna kesi, kanga ya mama haina kesi. Waliobaki ni aliyechagua dume, waliovuta kwa mikono mitupu nusu siku, na wale waliotia kufuli nyumba ya mtaalamu halafu wakatuita walegevu tusiojituma. Katika hao wote, nani aliambiwa afungashe? Nimeipanga hoja hii mara nyingi. Haina pa kutobolewa, na haina kazi.

Likizo iliyopita nilikwenda Kwamndolwa kuungama. Mama alikuwa uani anamenya mihogo. Nilimweleza yote, hadi choo. Hakuacha kumenya.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua?"

"Nilikusuka kwa mikono hii. Mtandio ulikuwa umevimba kisogoni. Niliona tangu asubuhi."

"Mbona hukusema, mama? Wangekuacha ubaki!"

"Wangeniacha, wakushike wewe. Kila ng'ombe akifa, kila mtoto akiumwa, wangekuangalia wewe mpaka unazeeka." Aliukata muhogo vipande viwili. "Mimi nilikuwa na kwetu pa kurudi. Wewe ungerudi wapi?"

Nilikuwa nimekuja na Neema mzima kichwani, na dume, na soko huria. Sikutoa hata kimoja.

Watu wakisikia kisa hiki humcheka bibi, na mimi nawakatalia. Baba alijua ni dume gani alilompandisha. Baba mdogo alikiona kile kichwa. Mimi nilijua la uzi, na mama alijua langu. Sote tulinyamaza, kila mtu na sababu yake, ya mama ikiwa ndiyo pekee yenye heshima. Katika boma lile, siku ile, bibi peke yake ndiye ambaye hakuficha kitu; alisema alichokiamini, na alichokiamini hakikuwa kweli. Amekufa akikiamini. Baba ni mzee sasa na hapendi kuulizwa. Mama anaishi kwenye chumba cha uani nyumbani kwa kaka yake, na analima mashamba ya watu.