Funga ya Wifi Yangu

Wifi yangu alikuwa mnene, na sisemi hivyo kwa kumsengenya, maana mbele yake nilisema makubwa zaidi na yeye akanirudishia na nyongeza. Akinikuta nimekaa kwenye kochi lake huniuliza kama kwangu viti vimeisha. Nami nikimkuta jikoni humwuliza kama sufuria imebaki na kitu, au kaka yangu ale harufu. Tuliishi hivyo zaidi ya miaka ishirini. Nilimpenda sana, ingawa sikuwahi kumwambia kwa maneno hayo.

Alikuwa fundi wa kushona. Alikodi chumba kimoja kando ya barabara pamoja na wanawake wengine wawili: cherehani tatu, meza moja ya kukatia, pasi, na kioo kirefu ambacho wateja walijigeuzageuza mbele yake. Sare za shule ndizo zilizomweka mjini. Alipokaribia miaka hamsini magoti yalianza kumgomea, na kukanyaga cherehani kutwa kukawa mateso. Akaenda kupima. Akaambiwa presha iko juu, sukari imekaa mpakani, na asipopungua ataanza vidonge ambavyo havitaachwa. Mama yake mzazi alikufa kwa sukari baada ya kukatwa mguu, kwa hiyo maneno yale hayakuhitaji kurudiwa mara mbili.

Ndipo akaanza kufunga. Haikuwa funga ya ibada; Mungu mwenyewe nadhani hakuwa na habari nayo. Alikula mchana, akala tena jioni mapema, basi. Asubuhi ni maji ya moto matupu. Wiki za kwanza alikuwa hashikiki. Wenzake wakifungua chupa ya chai na mkate yeye anatoka nje, anasimama kutazama magari huku anameza mate. Aliwafokea wateja. Alishona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia, akaufumua machozi yakimtoka. Nilimwambia aache, tutamzika na njaa yake.

"Wewe wifi unaogopa nikipungua nitakuzidi uzuri," akanijibu.

Alijikaza kisabuni, na mwili ukatii. Magoti yakatulia, presha ikashuka, akaanza kubana magauni yake mwenyewe. Wenzake walimshauri akate kabisa kitambaa kinachozidi ili asipate pa kurudia, akagoma. Alikikunja na kukishonea ndani, akisema mwili ni wa kuuchunga, hauaminiki. Barabara nzima ilimsifu. Wanawake waliokuja kupima nguo walibaki kuulizia siri, na yeye akivimba kichwa kidogo, haki yake, akawaelekeza waanze na maji ya moto.

Lakini sifa iliyomwingia hasa ilikuwa ya kaka yangu. Kaka ni fundi wa friji, mtu mwema, mkavu. Ni damu yangu lakini nitasema ukweli: alikuwa ameacha kumwona mke wake. Alirudi, akala, akashukuru, akageukia ukutani akalala. Watoto walipoondoka kwenda kujitegemea, nyumba ile ilibaki na sauti ya redio. Sasa kaka huyohuyo akaanza kumaliza kazi mapema. Anapita dukani na begi lake la vifaa, anasimama ng'ambo ya barabara kumsubiri mkewe, wanarudi nyumbani kwa miguu. Wifi alinisimulia huku ameziba mdomo kwa kiganja.

"Jana kanishika mkono njiani, wifi. Na watu wanaona."

Nilicheka mpaka nikakohoa, na moyoni nilifurahi kweli.

Asubuhi moja nilipita kwake bila kumwarifu. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Nikamkuta jikoni amekaa kwenye kigoda, sahani ya wali imejaa mapajani na mayai juu yake, anakula harakaharaka kama anaogopa kunyang'anywa. Mchana ulikuwa bado mbali.

"Leo nimekukamata," nikasema. "Kumbe funga yenyewe ya maonyesho. Ngoja barabara nzima ipate habari."

Hakucheka. Alinisogezea kigoda kingine kwa mguu. "Kaa, wifi."

Nikakaa.

"Mimi sifungi," akasema. "Niliacha zamani, tangu mvua zianze. Njaa ilinishinda. Nakula asubuhi, nakula dukani wenzangu wakitoka, nakula kila nikipata mwanya."

"Basi una mwili wa bahati. Mimi nikinusa tu mkate, nguo zinabana."

"Wifi, nisikilize. Nakula hivi na bado napungua."

Akasimama, akapindua upande wa gauni anionyeshe kwa ndani. Mishono ilikuwa imepandana kiunoni, mkunjo juu ya mkunjo, hadi kitambaa kimekuwa kigumu. Akaipitia kwa kidole, mmoja mmoja, kama anavyowaonyesha wanaojifunza kazi.

"Huu ni wa funga. Na huu. Hii mingine yote ni ya kula."

Utani ukaniishia mdomoni. Nikamtazama vizuri kwa mara ya kwanza baada ya miezi ya kumsifu tu. Weupe wa macho yake ulikuwa umeingia umanjano. Nikamwuliza kama ana maumivu popote. Akasema mgongo, ila mgongo ni wa cherehani.

"Twende hospitali leo hii."

"Nikienda wataniambia."

"Si ndiyo sababu ya kwenda?"

Akakaa tena, wali unapoa. Kisha akasema, "Kaka yako ananitazama, wifi. Hujui ilivyo mtu kukutazama tena wakati mwenyewe ulishajikatia tamaa. Nikisema naumwa atanihurumia. Huruma yake naijua, nimelala nayo miaka yote ile, inanipa mgongo. Niache kidogo nitazamwe."

Nilipandwa na hasira. Nilimwambia kwamba mume anayemfurahia leo ndiye atakayemlilia kesho, na kwamba kama hataki kwenda kwa miguu yake nitamburuta. Alilia, nikalia. Aliniomba kaka asijue kwanza. Baada ya siku chache alikubali, akidanganya dukani kwamba anakwenda kununua vitambaa.

Daktari alikuwa binti mdogo, mpole. Alimwuliza alianza lini kupungua.

"Nafunga," wifi akajibu upesi, kwa mazoea ya kuwajibu wanaomsifu.

Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Ndipo akasema yote. Akachukuliwa damu, akapigwa picha, akaambiwa arudi, akarudi. Ulikuwa uvimbe kwenye kongosho, na ulishafika kwenye ini. Kupasua kusingesaidia. Daktari alisema wazi kwamba funga haikuuleta ugonjwa. Ilichofanya ni kuuficha, kwa kuwa kila mtu, mwenyewe akiwemo, alikuwa na sababu nyingine ya kueleza kile kupungua. Akaandika dawa za maumivu, akamwambia ale chochote anachotamani.

"Na ningekuja mapema?" wifi akauliza.

"Pengine isingebadilisha mengi, mama," daktari akasema. Mpaka leo sijui kama ulikuwa ukweli au huruma tu.

Wifi alimwambia kaka jioni ile ile, mimi nikiwepo, kwa sababu alijua wakibaki wawili moyo utarudi nyuma. Kaka alikuwa anavua viatu. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa na kiatu kimoja mkononi.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu pale ulipoanza kunipitia dukani."

Hakukusudia kumwumiza. Aliulizwa, akajibu. Lakini niliona uso wa kaka yangu ukibadilika kadiri alivyorudi nyuma moyoni mwake, jioni moja baada ya nyingine, zile alizokuwa amezifurahia, na katika kila moja anakutana na ugonjwa. Kiatu akakiweka chini polepole, kikae sawa na mwenzake.

Kesho yake wifi alikwenda kazini. Sare zilikuwa na wenyewe, alisema, na akibaki nyumbani atafanya nini. Nilikwenda naye, nikawa namtungia nyuzi kwenye sindano, kazi ambayo hakuihitaji. Jioni mmoja wa wenzake alichungulia nje akasema, "Mumeo huyo kafika." Wifi hakuinua kichwa. Alikuwa anaifunika cherehani yake, na ile turubai ndogo ilimchukua muda mrefu.

"Wifi," akaniambia kwa sauti ya chini, "mtazame usoni uniambie. Ananitazamaje?"

Nikatazama. Kaka yangu alikuwa amesimama ng'ambo, begi begani, anamtazama mkewe jinsi watu wanavyomtazama mgonjwa anayepitishwa kwenye korido ya hospitali, kwa upole mwingi na kwa mbali. Nilitafuta kitu kingine katika uso ule. Nilikitafuta kwa bidii.

"Vile vile," nikasema. "Kama mchumba."

Akageuka akanitazama mimi. Katika miaka yote ile sikuwahi kumdanganya akakosa kunijua. Nilisubiri anirudishie, aniambie lolote, hata tusi. Alichukua mkoba wake, akanyoosha gauni.

"Ahsante, wifi," akasema, bila utani wowote, akatoka kumfuata mumewe.