Uso wa Kaka Yangu Mlangoni pa Duka

Mwanangu, siku ile nikiikumbuka mwili bado unanisisimka. Nilikuwa msichana, hapa hapa Mwaya. Kaka yangu Asajile alikwenda Zimbabwe kutafuta maisha, akanyamaza. Miaka ikapita, ukaja uvumi kwamba amekufa. Wazee wakasema lisemwalo lipo. Tukalia, ngoma ya msiba ikachezwa bila maiti. Kisha wakakata shauri kwamba mkewe, wifi yangu Subilaga, arithiwe na mdogo wa marehemu, kama ilivyokuwa desturi yetu. Mwenyewe hakuulizwa. Nani aliwahi kumuuliza mjane!

Basi mimi na wifi tukaenda Kyela mjini kununua kitenge cha shughuli hiyo. Mlango wa duka ulikuwa umezuiwa kwa jiwe jeusi usijifunge. Nikainama. Mungu wangu! Jiwe lina uso, na uso ni wa Asajile: sikio lile lile alilong'atwa na mbwa utotoni, kidevu kile kile cha baba. Nilipiga yowe, wateja wakakimbilia nje.

"Hilo nililinunua huko Zimbabwe, kwa Washona, mafundi wa kuchonga mawe," mwenye duka akasema, naye kaduwaa. "Mwaka huu huu. Jamaa mwenyewe nilimkuta amekaa, fundi anamchonga sura, mkewe anamcheka, watoto wao wanamparamia mgongoni."

Wifi akaketi sakafuni. Akaupapasa ule uso, mikunjo ya paji, upara.

"Alipoondoka hakuwa na mikunjo hii wala upara," akasema. "Wafu hawazeeki, wifi."

Hata chozi hana.

Tuliporudi alikwenda moja kwa moja walikokaa wazee, kitambaa chake cha msiba mkononi.

"Shikamooni, baba zangu. Asajile yu hai, ana mke na watoto. Mimi si mjane. Ni mke aliyeachwa, na aliyeachwa harithiwi."

Akakiweka kitambaa miguuni pa baba, akafungasha, akarudi kwao Ngonga.

Mwanangu, kimya kingi kina mshindo mkuu. Ukienda mbali na moyo ukageuka, sema. Habari mbaya inauma, lakini humwachia mtu njia ya kwenda. Nawe unayebaki, usimzike mtu kwa uvumi, wala usimgawe mtu hujamuuliza. Nenda na baraka zangu. Mungu akulinde huko uendako, akuepushe na kumliza mtu msiba wa aliye hai.